Karavani kuukuu haifi kwa kutu

Kuna karavani imeegeshwa nyuma ya nyumba moja pande za Luchelele, hapa Mwanza, juu buluu, chini nyeupe, na kila anayepita ana lake la kusema. Wa kwanza anasema ni kontena la chipsi. Wa pili anasema ni gari la wagonjwa la enzi za mkoloni. Wa tatu, na huyu hakosekani, anasema ameona kama hiyo ikiuzwa kwa bei ya kutupa, na kwamba ukiipiga rangi, ukatandika godoro na kuning'iniza taa mbili tatu, tayari una hoteli yako ufukweni mwa ziwa.

Huyo wa tatu ndiye aliyenikalisha chini niandike. Karavani hiyo ni yangu, na miaka minne iliyopita mimi ndiye nilikuwa nasema maneno yake.

Tuanze na majina, maana nusu ya ubishi umo humo. Tela ni chombo chochote kisicho na injini kinachovutwa na gari, liwe la kubebea ng'ombe, mitambo au mashua. Karavani ni tela lililojengwa kama chumba: kitanda, jiko dogo, kabati, madirisha, nyingine na choo. Ukiifungua kwenye gari inabaki palepale. Ikiwa na injini na usukani wake, hiyo si karavani tena, ni gari la kulala. Kontena nalo ni sanduku la chuma la kusafirishia mizigo, na hata ukilifunga magurudumu linabaki kontena. Tupu, lile la futi 20, lina zaidi ya tani mbili, wakati karavani nyingi ndogo za zamani hazifiki tani moja na nusu pamoja na vyombo vyake. Wepesi huo ndio uzuri wake na ndio udhaifu wake, tutaona.

Mwalimu wa historia akisikia karavani atakumbuka misafara ya wapagazi iliyopita Tabora. Hajakosea, na maana hizo mbili ziliwahi kukutana hapa Afrika: mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa matela 41 ya kulala kutoka Cape Town mpaka Cairo, wakafika mwaka uliofuata. Kwa hiyo anayesema vitu hivi havikuumbwa kwa barabara zetu amechelewa kidogo.

Ukuta una nini ndani

Ukiitazama kwa nje utaapa ni bati tupu. Sivyo. Karavani nyingi za zamani zina mifupa ya mbao nyembamba, fito hasa, zilizounganishwa kama fremu ya dirisha. Kwa ndani zimepigiliwa plaiwudi nyepesi. Katikati kuna povu gumu la kuzuia joto. Kwa nje ndiyo inakuja ngozi ya alumini, laini kiasi kwamba ukiegemeza goti inabonyea. Zipo za faiba, na zipo kama zile za Airstream ambazo hata mbavu ni za alumini, lakini hizo nazo sakafu yake ni plaiwudi na huozea pembeni.

Sasa angalia mnunuzi anavyokagua. Anainama chini, anaona kutu kwenye chasisi, anakunja uso. Anasimama, anaona ubavu unang'aa, anatabasamu. Amepima kinyume. Chasisi ni chuma kinachoonekana: unakwangua, unagonga kwa nyundo, kikiwa kizima unapaka rangi ya kuzuia kutu, kikiwa kimeliwa unamwita fundi wa kuchomelea. (Isipokuwa chasisi za Ulaya zilizochovywa kwenye zinki, hizo watengenezaji wanakataza kuzitoboa au kuzichomelea, na moshi wa zinki si wa kuvuta.) Kazi ya siku mbili. Mbao zilizo nyuma ya ubavu unaong'aa huzioni, na zikioza, kinachobaki ni ngozi iliyosimama kwa mazoea.

Na kabla hujaniambia kwamba ni chumvi ya ziwa: Ziwa Victoria halina chumvi. Maji yake tunayapikia chai. Yanasukumwa kutoka Capri Point mpaka kwenye mabomba yetu. Nimeisikia hadithi hii kwa watu wazima wenye heshima zao, kwamba upepo wa ziwani una chumvi inayokula mabati ya Mwanza. Anayetaka kuona kazi ya chumvi aende Dar es Salaam au Tanga. Hapa kwetu kuna mvua ya kama milimita 1,000 kwa mwaka, na jua la mji ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta. Jua linakausha gundi na mpira wa madirisha mpaka vinapasuka. Vuli ikifika inakuta milango imeachwa wazi.

Njia ya maji

Aliyekulia kwenye nyumba ya bati anajua kwamba tone linaloanguka sebuleni huenda limeingilia juu ya chumba cha kulala. Maji yanapita tundu la msumari, yanatambaa chini ya bati, yanafuata kenchi, yanachoka mahali, yanadondoka hapo. Karavani ni nyumba ya bati iliyofungwa dari na kuta pande zote, kwa hiyo tone lenyewe huenda usilione kamwe. Linamezwa na mbao. Umeona mafuta yanavyopanda utambi wa kibatari bila kusukumwa na mtu? Fito hizo zinanyonya hivyohivyo, kutoka kona ya juu mpaka sakafuni, na kwa sababu zimefunikwa pande mbili hazipati hewa ya kukauka. Msimu mmoja hauzidhuru sana. Misimu kumi inazigeuza kahawa iliyosagwa.

Siku naikagua nilikwenda na fundi bodi wa Nyakato, kijana ambaye kazi yake ni mabodi ya daladala na hajawahi kulala ndani ya karavani. Hakuangalia chasisi. Alipanda juu ya benchi, akafungua kabati la kona, akaingiza kichwa. "Bosi, hebu njoo unuse." Harufu ya shimo la panya na magazeti mabichi. Kisha akachukua bisibisi bapa akaisukuma taratibu ukutani chini ya dirisha la mbele. Iliingia mpaka kwenye mpini, bila sauti, kama kisu kwenye parachichi. Muuzaji akasema huo ni unyevu tu wa masika. Tulikuwa mwezi wa nane.

Nilinunua hata hivyo, kwa bei iliyopungua sana, na tangu hapo nakagua kama fundi yule. Bonyeza kwa kidole gumba kona zote za juu, kuzunguka madirisha, chini ya tundu la hewa la paani, na sakafu karibu na mlango. Gonga kwa mpini wa bisibisi: mbao nzima inajibu kwa sauti kavu, iliyooza unahisi umegonga godoro. Inua mito ya viti uangalie nyuma yake. Karatasi mpya ya ukutani kwenye kona moja tu, wakati kwingine kote ni ya zamani, ni ushahidi wa kutosha.

Ila mpelelezi wangu bora alikuwa vumbi. Niliivuta kutoka kijiji kimoja cha Magu, mwanzo barabara ya vumbi, baadaye lami. Nilipofungua mlango nyumbani nilikuta mistari myekundu, myembamba kama imechorwa kwa kalamu: mmoja unashuka kutoka kona ya juu kushoto, mwingine umezunguka dirisha la mbele, mwingine umenyunyizwa kitandani chini ya tundu la paa. Panapopita vumbi, maji yanapita. Mke wangu alikuwa ameshika ufagio tayari; nikamwomba anipe dakika tano niweke alama za chaki kwanza.

Kama huna barabara ya vumbi karibu (jambo la kujivunia), tumia mpira wa maji. Mtu mmoja nje na mpira, mwingine ndani na tochi. Usianzie paani. Anza chini, mwagia sehemu moja kama dakika kumi, kisha panda taratibu. Ukianzia juu maji yatalowesha kila kitu yakishuka na hutajua yameingilia wapi.

Mtumbwi uliopinduliwa

Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu. Tundu limeonekana, tunakimbilia silikoni, ile ya kuzibia sinki na vioo. Tunaipaka juu ya uchafu wa zamani, inang'aa, tunaridhika. Bati la alumini la mita nne likipata joto la ziada la nyuzi 40 kati ya alfajiri na saa nane mchana linarefuka karibu milimita nne, na usiku linarudi. Kila siku. Silikoni iliyopakwa juu ya gundi kavu haiwezi kuvumilia mvutano huo. Inaachia upande mmoja, na sasa una mfuko wa kukusanyia maji badala ya kuyazuia. Ubaya zaidi, inaacha utando ambao hakuna gundi nyingine inayoushika, hata silikoni mpya haiushiki. Mbio za mwaka huu unakuja kuzilipa mwaka kesho kwa kukwangua na wembe.

Mafundi mitumbwi wa Igombe na Mwaloni hawahitaji somo hili. Wao wanajua kukalafati. Fundi akikuta pamba ya zamani imechoka kati ya mbao mbili hapaki kitu juu yake. Anaikokoa yote, anasafisha mfereji, anaacha mbao zionekane, ndipo anagongomea pamba mpya. Nilipomweleza mzee mmoja wa kazi hiyo tatizo langu alicheka, akaniambia, "Mwanangu, wewe umenunua mtumbwi uliopinduliwa."

Sijapata maelezo bora ya karavani kuliko hayo. Pamba yake ni utepe wa butili, gundi nzito kama bigijii iliyotafunwa, ambayo haikauki ikawa ngumu, kwa hiyo bati likirefuka nayo inanyooka. Unalegeza skrubu za ukingo wa alumini ulioziba kona, unautoa, unakuta utepe wa zamani umekauka kama ukoko wa ugali. Unaukwangua wote. Unasafisha kwa spiriti. Unalaza utepe mpya, unarudisha ukingo, unakaza skrubu kidogokidogo kwa zamu mpaka gundi ichungulie pembeni, kesho yake unakaza tena. Skrubu za zamani usizirudishe. Chuma cha kawaida kikigusana na alumini penye maji, viwili hivyo vinafanya kazi kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Ule unga mweupe unaouona kuzunguka vichwa vya skrubu ndio huo. Weka za stenlesi, zilizochovywa kwenye gundi.

Kuna jambo moja ambapo mfano wa mzee unageuka. Mtumbwi wa mbao unapenda maji: ukikaa mchangani muda mrefu jua linaupasua, ukirudi ziwani mbao zinavimba na kujiziba zenyewe. Karavani haina huruma hiyo. Mbao zake zikivimba zinasukuma bati nje na kufungua mwanya zaidi.

Rangi, basi, ni ya mwisho kabisa. Rangi juu ya ukuta wenye unyevu inafungia ugonjwa ndani. Mimi mwenyewe buluu ile ya juu ninaijutia. Ni rangi iliyokolea mno kwa paa linaloshinda juani, ingefaa nyeupe. Watoto wanaipenda, imebaki.

Mbao zilizooza zinabadilishwa, lakini usibomoe yote kwa siku moja. Ngozi, fremu na plaiwudi vinashikana kama watu watatu waliolewa wakirudi nyumbani: ukimwondoa mmoja, hao wawili wanakwenda upande. Fungua kona moja, weka mwimo wa kuishikilia, badilisha, funga, hamia nyingine. Na kipande kilichooza usikitupe hata kama kinamomonyoka. Kiweke juu ya meza, kichore kwenye karatasi ngumu, ndicho kipimo chako pekee cha ile pembe ya mviringo.

Seremala wangu alitaka kuweka mninga. Alikuwa na nia njema: mbao ngumu haiozi upesi. Lakini mninga ni mzito kuliko paini, na fremu nzima ya mninga inakuongezea uzito ambao ekseli haikuandaliwa kuubeba. Tulitumia paini iliyotiwa dawa. Karavani haidumu kwa ugumu wa mbao, inadumu kwa ukavu wake.

Mkokoteni, kashata na gesi

Uzito unatupeleka barabarani. Aliyesukuma mkokoteni sokoni anajua: mzigo wote ukiuweka nyuma, mishikio inakunyanyua; ukiuweka wote mbele, mgongo unalia. Karavani ni mkokoteni, na gari ndiyo mikono yako. Ulaya wanashauri pua ya karavani iegemee gari kwa asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote. Marekani, asilimia 10 hadi 15. Kwa karavani ya kilo 1,000 ya Ulaya ni kilo 50 hadi 70. Ikiwa nyepesi kuliko hapo, mkia unaanza kucheza ukifika mwendo fulani au lori likikupita, na ukishaanza, kufunga breki kwa nguvu kunauzidisha. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, acha mwendo ushuke. Kumbuka pia kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 100 lililojazwa nyuma limeharibu hesabu zote.

Matairi yana uongo wake. "Kashata bado ipo," muuzaji atakwambia, yaani meno ya tairi, na kweli ipo, kwa sababu tairi halijatembea. Tairi la karavani linakufa kwa umri na jua, limesimama palepale. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Likivuka miaka saba hivi, mimi sisafiri nalo, liwe na kashata au kipara. Beringi nazo zinataka kufunguliwa, kuoshwa na kujazwa grisi mpya mara moja kwa mwaka. Baada ya kilomita 20 za kwanza simama, weka kiganja karibu na kikombe cha gurudumu. Joto la kawaida ni sawa. Lile la kukurudisha mkono ni beringi inayolia.

Umeme nitaupita haraka. Karavani ya Marekani imefungwa vifaa vya volti 120, na mlango wake uko kulia, yaani hapa kwetu unashukia katikati ya barabara. Ya Uingereza au Afrika Kusini ina mlango kushoto na inaelewana na volti 230 zetu. Vyovyote iwavyo, nyumba ya alumini iliyosimama kwenye majani mabichi lazima iwe na waya wa ethi na swichi inayokata umeme ukivuja. Hiyo si kazi ya kujifunzia.

Gesi siwezi kuipita. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipai, inatulia sakafuni kama maji. Ndiyo maana karavani ina matundu sakafuni na chini ya kabati la mtungi. Nimekuta yangu yamezibwa kwa matambara, bila shaka ni kwa ajili ya mbu, panya, na wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi. Usiyazibe, piga wavu wa chuma. Mpira wa gesi wa zamani badilisha bila kuuliza, na viungio vipime kwa povu la sabuni. Friji ya gesi ikinuka amonia au ikiwa na unga wa njano nyuma yake, usiuguse huo unga kwa mikono mitupu wala usiufute. Ni sumu, friji hiyo imekwisha. Na jiko la mkaa halina nafasi ndani ya karavani hata usiku wa baridi namna gani. Chumba ni kidogo, moshi usioonekana hauhitaji saa nyingi.

Mahali pa kuegesha, Mwanza imetubariki kwa mawe. Weka miguu ya karavani juu ya mawe, kamwe si juu ya vipande vya mbao, kwa sababu kipande cha mbao kinachogusa ardhi ni ngazi ya mchwa kwenda kwenye sakafu yako. Inua pua kidogo maji yashuke paani badala ya kutuama. Ukifunika kwa turubai, acha nafasi hewa ipite chini yake, la sivyo umejenga sauna.

Mvua ya kwanza kubwa ya vuli iliyofuata ilinyesha usiku. Nilikwenda kulala ndani na tochi. Kona ya juu kushoto, ile yenye mstari mrefu wa vumbi, ilikuwa kavu. Dirisha la mbele, kavu. Saa nane usiku nikasikia tone, moja, kimya kirefu, jingine. Lilikuwa linatoka penye taa ya nyuma kulia, sehemu pekee ambayo sikuifungua kwa sababu ilionekana nzima. Nikaweka kikombe, nikalala. Jumamosi nikaitoa taa, na nyuma yake kulikuwa na silikoni.